Masika Yakizidi Tanga: Namna ya Kuendesha Kazi na Nyumba Maji Yakiwa Mlangoni

Mtu wa Tanga mjini akitazama mawingu tu, ameona nusu ya habari. Nusu nyingine iko baharini. Mitaro ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni mwisho wake ni bahari, na bahari ikijaa mtaro unakuwa kama chupa iliyozibwa: mvua ya saa moja tu inaleta maji barazani.

Siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, pwani yetu hujaa mnamo saa 10 hadi 11, alfajiri na tena alasiri. Hupwa mnamo saa 4 hadi 5, asubuhi na usiku. Kila siku majira husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, hapo angalia mvua peke yake. Basi katika bamvu, mzigo wa duka upokelewe asubuhi, sokoni kwendwe asubuhi, na watoto wawe wamerudi kabla ya saa 8 mchana. Mvua iliyonyesha saa 4 asubuhi ikajiondokea yenyewe, ikinyesha vile vile saa 10 alasiri maji yake utakaa nayo hadi usiku. Usipokuwa na jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote pale Deep Sea au Sahare. Hatakosea kwa zaidi ya nusu saa.

Korogwe na Hale hesabu ni nyingine. Mto Pangani unabeba maji ya Kilimanjaro na Meru yaliyopita bwawa la Nyumba ya Mungu, na maeneo ya Korogwe unaongezewa na Mkomazi na Luengera kutoka Usambara. Jua linaweza kuwaka Korogwe mto ukipanda. Chomeka mti wenye alama ukingoni na uutazame kila saa. Kupanda kwa kiganja kimoja ndani ya saa moja, huku maji yakigeuka mekundu na kubeba matawi mabichi, maana yake kuna mvua kubwa juu na usingoje kuiona. Ukingoni hapo usioge wala usifue: mto ukitanuka mamba nao husogea hadi kwenye majani ambayo jana yalikuwa shamba.

Taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, zina ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Watu wengi hupuuza angalizo, nayo ndiyo ngazi pekee inayokuachia muda wa kununua vitu bei ikiwa bado ya kawaida. Wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye bati la mita 8 kwa 10 ikipigwa na milimita 50 inamwaga lita 4,000 chini ya dirisha lako. Kama gata limetoboka au halipo, maji hayo yote yanachimba msingi wako mwenyewe kabla mafuriko ya mtaa hayajafika. Kuchimba kijifereji cha kuyapeleka mbali na ukuta ni kazi ya jembe na saa mbili, na inaokoa kuliko mifuko yote ya mchanga.

Siku ya angalizo

Anza na maji ya kunywa, kwa sababu hapa mafuriko huleta kiu. Maji ya bomba ya jiji yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na kusafishwa Mowe. Mvua ikipiga Amani na Usambara Mashariki, mto unashuka na tope, mtambo unazidiwa, na bomba linatoa maji ya rangi ya chai au halitoi kabisa. Weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia tu. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni lita 75, yaani madumu manne ya lita 20, yafungwe vifuniko na yawekwe juu. Ya kufulia na chooni kinga ya bati, lakini ya dakika kumi za mwanzo yamwage: yana kinyesi cha ndege na vumbi la mwezi mzima.

Nunua umeme wa LUKU wa wiki nzima, na simu ijazwe chaji. Pawabenki ya mAh 10,000 hujaza simu janja mara moja hadi mbili, si zaidi, hata kama sanduku lake linasema vingine. Vyeti, kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja na kadi za kliniki tia ndani ya mifuko miwili ya nailoni, mdomo ukunjwe mara tatu na kufungwa kwa mpira, kisha vipige picha umtumie ndugu anayekaa mkoa mwingine.

Vitu vya kuinua: tafuta alama ya maji ya mwaka uliopita ukutani, ongeza sentimita 30, hapo ndipo pa kuanzia. Friji ichomolewe kwanza kisha ipandishwe juu ya matofali manne. Mtungi wa gesi ufungwe, regyuleta itolewe, na mtungi ukazwe kwa kamba kwenye nondo ya dirisha, maana ulioisha nusu huelea, na ukiangukia valvu unaweza kuvujisha.

Mifuko ya mchanga mara nyingi hujazwa kupita kiasi. Kiroba cha unga cha kilo 25 kijazwe nusu tu, mdomo ukunjwe uingie chini ya kiroba chenyewe. Kilichojaa pomoni kinakuwa kigumu kama gogo, hakikai sawa na mwenzake, na maji yanapita katikati. Kiroba cha kilo 50 achana nacho. Hata kikiwa nusu, kikilowa ni mzigo wa watu wawili. Tandaza kwanza turubai au nailoni nzito chini na mbele ya mlango, panga viroba kama tofali, kiungo cha juu kiangukie katikati ya cha chini, na kila safu ikanyagwe kwa miguu. Safu tatu au nne zinatosha. Choo cha kuflashi kizibwe pia, kwa mfuko wa nailoni wenye mchanga uliosukumwa ndani ya bakuli, la sivyo chemba ikijaa uchafu utapandia humo huku wewe unalinda mlango.

Maji ya nje yakizidi kama sentimita 60, acha kushindana nayo. Ukuta wa tofali za saruji usio na nguzo hausukumwi na maji kwa kina hicho kwa muda mrefu bila kupasuka. Zima umeme, toa watu, fungua mlango yaingie. Nyumba iliyolowa unaweza kuisafisha.

Umeme

Meni swichi izimwe ukiwa umesimama pakavu. Kama maji yameshafika chini ya boksi, usiiguse. Piga TANESCO 180 wakate kwenye nguzo. Watu hudhani hatari inaanza maji yakifika kwenye soketi ya ukutani, na wanasahau ekstensheni iliyolala sakafuni nyuma ya kochi.

Maji yakishatoka, soketi iliyozama ina tope nyuma yake hata kama mbele imekauka. Tope hilo lina chumvi na hubeba umeme hadi ukutani. Fundi afungue kila soketi na swichi iliyozama, asafishe, aache zikauke siku mbili tatu. Zenye kutu au ukijani kwenye skrubu zibadilishwe. Kisha arudishe sakiti moja moja. Breka ikikata usiipandishe mara ya pili kwa kubahatisha: imekwambia laini gani bado ina maji.

Kwenda kazini

Maji yanayokwenda mbio ya kufika juu kidogo ya kifundo cha mguu, sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huanza kuiinua gari ndogo. Sentimita 60 huchukua gari nyingi, za juu nazo zimo. Kalavati lililofunikwa na maji hulioni kama bado lipo. Ukilazimika kupita maji yaliyotulia, shika fimbo, pima mbele kabla ya kila hatua, tembea katikati ya barabara na si pembeni palipo na mitaro na mashimo ya chemba yaliyopoteza vifuniko. Vaa gambuti, na kama mguu una kidonda, funika kwa plasta na nailoni au usipite.

Kwa walioajiriwa: likizo ya kulipwa ya siku nne iliyomo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya ugonjwa au kifo cha mtoto na misiba ya ndugu wa karibu. Mafuriko hayamo. Kwa hiyo usikae tu nyumbani ukidhani inaeleweka. Tuma meseji kabla ya saa ya kuingia, useme barabara gani haipitiki, ambatanisha picha, uombe siku hiyo ihesabiwe likizo ya mwaka au ifidiwe. Meseji iliyoandikwa ina uzito kuliko simu ya dakika mbili ambayo bosi atasema haikumbuki. Mtandao ukiwa dhaifu SMS hupita pale ambapo simu na WhatsApp zimegoma.

Wanaosafiri wakumbuke kwamba basi za Dar, Arusha na Moshi zote zinapita Segera. Barabara ikikatika upande mmoja wa Segera, stendi ya Kange itajaa watu na nauli zitaanza kuimbwa. Uliza kwa mtu aliyeko Muheza au Korogwe saa hiyo hiyo, si kwa mpiga debe.

Bodaboda na bajaji iliyozama

Hapa hasara nyingi hutokea baada ya maji kuondoka, na chanzo chake ni kiki moja ya haraka. Petroli na hewa hubanwa ndani ya silinda; maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, konrodi inapinda, na matengenezo ya mafuta na plagi yanageuka kuwa ya kufungua injini nzima. Kama maji yalifika kwenye eya klina, usipige kiki, usibonye staata. Kwa pikipiki ya kabureta ya cc 100 hadi 150 fuata mpangilio huu:

1. Toa waya hasi wa betri. Sukuma pikipiki hadi pakavu, inua gurudumu la mbele maji yatoke kwenye ekzosi.
2. Fungua eya klina. Ya karatasi tupa. Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikamue bila kuisokota, ikauke, uipake oili kidogo.
3. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe. Maji hukaa chini ya petroli na unauona mstari wake. Endelea kumwaga hadi mstari upotee. Fanya hivyo hivyo kwa nusu lita ya kwanza ya tangi.
4. Toa plagi, funika tundu kwa kitambaa, piga kiki mara kumi. Maji yatarukia kitambaani. Petroli iwe mbali na pasiwe na moto wala sigara. Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha oili humo tunduni.
5. Mwaga oili ya injini. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Jaza oili ya bei nafuu, rudisha plagi iliyokauka, washa kwa dakika tano bila kupiga resi, mwaga. Rudia hadi itoke safi, ndipo uweke oili yako ya kawaida. Mara mbili ndiyo kawaida. Anayesema mara moja inatosha hajafungua injini aliyoiosha hivyo miezi mitatu baadaye akaona bearingi.
6. Fungua breki za ngoma, toa tope, futa. Osha cheni, kausha, paka oili. Ukianza kutembea, bana breki kidogo kidogo mita mia mbili za kwanza kabla ya kupakia abiria.

Kama maji yalikuwa ya bahari au yalichanganyika nayo, kama inavyotokea mitaa ya karibu na pwani, suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hata kabla ya kufungua injini. Chumvi haingoji wikendi. Pikipiki ya injeksheni usiwashe hata swichi, ipeleke kwa fundi mwenye vifaa. Na bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wanayo, haikulipi chombo chako kilichozama. Hilo ni la bima kubwa, na hata hiyo soma kama mafuriko yametajwa.

Duka, genge, wakala na mama ntilie

Wakala wa pesa za simu abaki na pesa taslimu zaidi ya floti siku za mwanzo, kwa sababu watu wanatoa ili wanunue chakula. Barabara ikifunguka mambo hugeuka, wanaanza kuweka. Daftari la miamala liandikwe kwa kalamu ya risasi, wino hufutika ukilowa.

Dukani, unga, sukari na sabuni vilivyoguswa na maji ya mafuriko havikaushwi vikauzwa. Makopo yasiyo na kutu wala kuvimba yanaokolewa: toa karatasi, andika jina kwa kalamu ya kudumu, osha kwa sabuni, yazamishe dakika 15 kwenye maji yenye klorini. Soda na maji ya chupa tupa: uchafu unakaa chini ya kifuniko.

Mahindi ya ghalani yanahitaji uamuzi mgumu. Yaliyolowa maji ya mafuriko si chakula tena. Yaliyopata unyevu tu, kutokana na bati kuvuja au hewa nzito, yaanikwe siku hiyo hiyo juu ya turubai, unene usizidi vidole viwili, yageuzwe kila saa. Kupima, chukua chupa ya glasi iliyokauka, tia vijiko viwili vya chumvi kavu kabisa na punje hadi robo ya chupa, tikisa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Yakiota ukungu yatupwe, wala wasipewe kuku. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, wala kwa kukobolewa haitoki yote.

Mama ntilie punguza menyu. Maharage, ugali, wali na chai vinaweza kuchemka na kuliwa moto. Kachumbari, juisi na tui lililolala viache hadi bomba lirudi sawa. Ndoo ya kunawia yenye bomba na sabuni iwe mbele ya meza.

Maji, choo na kuhara

Maji yenye tope klorini haiyawezi, kwa sababu dawa inaishia kwenye tope. Zungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo mara chache, acha saa moja, tope likishuka mimina ya juu kupitia kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne. Kisha chemsha hadi yatokote dakika moja nzima, au tia vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Kisima kifupi kilichofunikwa na mafuriko kihesabu ni choo hadi kitolewe maji na kutiwa dawa na watu wa afya, hasa kama kiko chini ya mita 30 kutoka shimo la choo, na mjini vingi viko hivyo.

Mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, usimnyime maji kwa kudhani yatamzidishia. ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja, anywe kila anapotoka chooni, na kituo cha afya aende hapo hapo. Kipindupindu huua kwa saa chache. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa, visivyojaa mlima. Kuzidisha chumvi ni hatari kuliko kuipunguza. Mtoto apewe na zinki. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, haitozwi. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kurudi ndani

Piga picha kabla ya kuokota kitu, alama ya maji ukutani ionekane, kisha mwone mwenyekiti wa mtaa jina liandikwe. Tope litolewe likiwa bado bichi. Likikauka litahitaji tindo. Sakafu isuguliwe kwa sabuni kwanza, ndipo dawa: mililita 350 za JIK ya asilimia 3.5 kwenye ndoo ya lita 20, ikae dakika kumi. Palipofurika uchafu wa choo, sehemu moja ya JIK kwa sita za maji. Usiichanganye na dawa ya kusafishia choo, moshi wake unachoma mapafu.

Nyumba ya miti na udongo usiiingie siku ya kwanza ya jua. Udongo ukilowa hupoteza nguvu, na wakati wa kukauka husinyaa na kuachana na miti. Ndiyo maana kuta nyingi huanguka siku ya pili au ya tatu, watu wakiwa wamesharudi kulala. Gonga sehemu ya chini ya kila nguzo kwa shoka. Ikizama, weka mhimili kabla ya mtu kuingia.

Inua kila kitu kwa fimbo kabla ya mkono: nyoka, nge na tandu nao walihamia pakavu, mara nyingi ndani ya viatu na nguo zilizoning'inia. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza, alazwe, mguu usitikisike, apelekwe hospitali.

Panya walikojoa kwenye maji hayo yote. Homa ya mgunda, iliyojulikana kwa jina hilo baada ya wagonjwa wa Lindi mwaka 2022, huingia kupitia michubuko na macho, na huanza siku tano hadi 14 baadaye: homa, kichwa, maumivu makali ya misuli ya miguuni, macho mekundu. Hufanana na malaria, nayo malaria hupanda wakati huo huo mbu wa madimbwi wakishakua. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikisema huna na homa bado ipo, mwambie daktari kwa maneno yako mwenyewe kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko, na lini.